Walionona Hawatembei

Mwandiga, Kigoma
19 Januari 2025

Mdogo wangu Sista Frida,

Tumsifu Yesu Kristo. Huku tu wazima, isipokuwa mafua ya watoto, ambayo masika haya hayabishi hodi. Honorata na watoto wetu wanakusalimu sana. Clementina ameingia kidato cha pili na anasema atakuwa rubani. Mama yake amemwambia aanze kwanza kuamka bila kuamshwa.

Baba hajambo. Upande wa kushoto haujarudi tangu kile kiharusi, ila ulimi umefunguka kuliko tulivyoomba. Kila asubuhi tunambeba na kiti chake hadi kwenye lango la zizi, naye anaanza: hori la mwisho halijafagiliwa, maji yamechelewa, yule mwekundu anaonewa na wenzake. Mpita njia akimwambia "Mwakeye, Mzee," hajibiwi salamu, anapewa habari za ng'ombe.

Sasa jambo lenyewe. Mwaka huu nilitaka kunenepesha nusu ya zizi tu. Pumba zimepanda bei, mashudu yanagombaniwa na malori ya mbali, na ng'ambo ya ziwa habari si nzuri. Nilimweleza Baba taratibu, Honorata akiwepo.

"Baba, watu wa maboti wanasema Kongo hakujatulia."

"Kongo haikuwahi kutulia tangu nizaliwe," akasema, "na miaka yote hiyo wamekula nyama. Jaza zizi."

"Tukijaza na maboti yasije?"

"Zizi nusu ni zizi la mtu anayejiandaa kufunga. Unajiandaa kufunga?"

Wiki iliyofuata mimi na Feliksi, mlishaji wetu, tulizunguka minada ya Kasulu na Uvinza tukanunua maksai waliokonda mpaka mbavu unazisoma. Zizi limejaa. Tukiwalisha vizuri, mwishoni mwa Machi watakuwa tayari kushushwa Kibirizi na kupakiwa kwenye maboti ya Kongo kwenda Uvira na Kalemie kama kawaida.

Unanijua. Mimi ni mtu wa injini za meli. Injini ikiumwa inapiga kelele, unaifungua, unaona. Ng'ombe ananitazama tu, nisijue kama ana homa au ana kiburi. Enzi zako ulikuwa unapita mara moja asubuhi na kusema, "Yule pale hakulala vizuri," na ikawa kweli. Lakini usijali hayo. Wewe una kazi kubwa zaidi. Baba huwaambia wageni kwamba zizi hili linasimama kwa sala za Frida, nami siwezi kubisha.

Kaka yako,
Selestini


Monasterini
23 Februari 2025

Kaka, shikamoo.

Milele, amina. Barua yako niliipokea wiki iliyopita nikaisoma wakati wa mapumziko, nikamcheka rubani wetu mpaka Sista aliyekaa karibu akaniangalia. Mwambie shangazi yake anasema rubani haamshwi; ndiye anayewaamsha wengine.

Huku ni ukungu tangu asubuhi mpaka mchana. Bado niko chumba cha hostia. Tunachanganya unga na maji, tunachoma, tunakata viduara, tunafungasha kwa ajili ya parokia. Ni kazi safi na ya kimya. Nyuma ya ukuta wa chumba chetu ndipo lilipo banda la ng'ombe wa maziwa wa monasteri. Nilipoingia hapa niliomba kazi ya bandani. Mama Mkuu, kwa upole wake, aliniambia kwamba mtu akija kumtafuta Mungu ni vizuri aache kwanza kile alichokizoea. Miaka sita sasa nawasikia tu. Yuko mmoja anayekohoa kila alfajiri. Vumbi la majani makavu, nadhani. Sijamwambia mtu.

Ulisema umejaza zizi, hukusema wana hali gani. Je, uliwapa dawa ya minyoo kabla ya kuanza mashudu, au uliwaanzishia tu? Mashudu ni ya alizeti au yale ya mise? Hizo kokwa za michikichi zina mafuta mengi. Usiwape mengi kwa pupa. Yule mwekundu anayeonewa, mtenge na mmoja mpole, siyo peke yake. Ng'ombe akikaa peke yake hali.

Kwaresima iko mlangoni. Unajua desturi yetu: hatuandiki wala hatufungui barua mpaka Pasaka. Nadhiri zangu za daima zimepangwa tarehe 8 Septemba. Zimepangwa.

Chumba cha nyuma siku hizi mnakitumia kwa kazi gani? Nauliza tu.

Msalimie Baba. Akitaka kujua kama ninamwombea, mwambie kila siku.

Mdogo wako,
Frida


Mwandiga
30 Machi 2025

Mdogo wangu Sista,

Tumsifu Yesu Kristo. Barua hii itakaa kwa Mama Mkuu mpaka Pasaka, na pengine ndiyo sababu naiandika. Mtu akijua kwamba hasikilizwi kwa sasa, maneno yanamtoka vizuri.

Nyumbani wanaendelea. Clementina ameanza kuamka mwenyewe, maneno yako yamefanya kazi.

Maboti hayakuja. Nilishuka Kibirizi nikamkuta nahodha tuliyemzoea, yule wa Uvira anayependa kuimba. Safari hii haimbi. "Kaka," akaniambia, "boti yangu sasa inabeba watu. Wamama na magodoro yao. Ng'ombe watapanda wapi?" Nikamuuliza lini. Akatazama maji, akasema, "Muulize mwenye bunduki."

Nikapanda sokoni Mwanga kwa wenye mabucha, nikashuka Ujiji. Mmoja alichukua maksai mmoja, mwingine akaahidi. Wanataka ng'ombe wadogo wa bei ndogo, kwa sababu mteja wao sasa ananunua nyama ya kuonjea siyo ya kupikia. Wetu ni wakubwa mno kwao. Tumewanenepesha kwa meza ambayo imeondolewa.

Nilipofikiri nimefika chini, afisa mifugo akaja na karatasi. Karantini. Ugonjwa wa miguu na midomo umeonekana vijiji vya jirani, kwa hiyo hakuna mfugo kuingia wala kutoka, hakuna mnada, hakuna kibali. Kwetu haujafika hata kwa ng'ombe mmoja, lakini amri haichagui. Alibandika karatasi yake langoni, karibu kabisa na kichwa cha Baba. Baba akamwambia, "Umeibandika kombo."

Kwa hiyo tumekaa nao. Wamefika uzito wao. Hawaongezi tena, wanakula tu. Nikiwapunguzia watakonda na kazi yote imepotea. Nikiendelea, namwaga chakula kisimani. Hata bila karantini, kutembea mpaka malishoni hawawezi. Juzi nilimzungusha mmoja ndani ya uwanja, alipofika kona ya tatu akalala. Feliksi akasema, "Bwana Selestini, walionona hawatembei."

Kuna jingine. Mzee Leodgar, aliyenifundisha kazi bandarini, alikuja Jumapili baada ya misa. Wanatafuta fundi wa mitambo kwa meli inayofanyiwa ukarabati. Akashika kiganja changu akakigeuza kama anayenunua samaki. "Mikono hii inaoza kwenye samadi," akasema. "Nafasi nakutunzia, lakini siyo milele." Nilimwambia nitafikiri. Sikufikiri. Nilirudi, nikamkuta Baba langoni ananiuliza kwa nini maji yamechelewa.

Hili la Leodgar usinijibu. Nimeliandika ili litoke kifuani, basi.

Selestini


Monasterini
27 Aprili 2025

Kaka, shikamoo, na heri ya Pasaka.

Barua yako nilipewa Jumatatu ya Pasaka. Nimeisoma nikiwa bustanini, kisha nikaisoma tena mahali ambapo hakuna mtu.

Tuko salama. Sista mmoja mzee amelala katika Bwana siku ya Ijumaa Kuu. Aliishi humu ndani tangu akiwa msichana na alikufa akiniuliza kama barabara ya kwenda mjini imeshawekwa lami. Nilimwambia ndiyo. Sijui kama ni kweli.

Kuhusu ng'ombe. Usiwalishe kama wanaokwenda sokoni kesho. Toa mashudu taratibu, wiki mbili hivi, siyo kwa siku moja, kwa sababu tumbo lililozoea vyakula vikali likikatiwa ghafla au likirudishiwa ghafla linachachuka. Wape majani ya matete na mabua, chumvi ya jiwe isikosekane. Watapungua, waache wapungue. Ni afadhali maksai mwepesi aliye hai. Kila siku watembezwe ndani ya uwanja, kona moja, kesho mbili. Wataweza. Baba atakuzuia asubuhi, kwa hiyo fanya akiwa amelala mchana. Na Feliksi azikague kwato.

Kuhusu Leodgar sisemi kitu, kwa kuwa umenikataza.

Kama ningekuwa huko

Nimekata hapo juu kwa sababu kengele ililia, na niliporudi nikaona sentensi haina haja ya kumaliziwa. Chumba cha nyuma hukunijibu. Na Baba akinitaja, ukiacha yale ya sala, husemaje? Niandikie maneno yake kama alivyoyasema.

Honorata hajaniandikia mstari tangu mwaka jana. Je, kuna lolote?

Frida


Mwandiga
8 Juni 2025

Mdogo wangu Sista,

Tumsifu Yesu Kristo. Nimechelewa, nisamehe. Nilianza barua hii mara kadhaa.

Baba anaendelea kwa nguvu zake zilezile. Watoto hawajambo, wako Ilagala kwa bibi yao mzaa mama. Wanakula samaki na wanaogelea mtoni, ingawa nimewakataza kwa sababu ya mamba. Honorata yuko nao huko.

Nilifuata maneno yako. Nikapunguza mashudu, Feliksi akakata matete, mchana tukawatembeza. Walianza kuchangamka hata mimi nikaona. Kisha Baba akaamka mapema siku moja akaona hori lina majani matupu. Sijawahi kumsikia akipaza sauti namna ile tangu augue.

"Ng'ombe wangu mnawafungisha Kwaresima?"

"Baba, ni kwa muda tu. Frida ndiye ameshauri."

"Frida yuko kwa Mungu! Usimsingizie. Frida angejua kwamba maboti yakija kesho lazima yakute ng'ombe, siyo mifupa."

Jioni ile nilikuwa Mwanga kutafuta chumvi. Aliwaita vijana wa jirani akawaamuru wamimine mashudu, yale ya mise, mahori yote. Ulinionya. Asubuhi maksai wawili walikuwa chini wamevimba, mate yanawatoka. Mmoja tulimwokoa. Mwingine, yule mkubwa mweusi mwenye baka usoni, alinitazama mpaka alipoacha kutazama. Kwa ajili ya karantini hata nyama haikuruhusiwa kutoka. Tulichimba shimo nyuma ya zizi na kumzika mzimamzima. Baba aliomba kiti chake kisogezwe aone. Nilitamani aseme neno.

Usiku uleule Honorata alikunja nguo za watoto. Hakupiga kelele, unamjua. Alisema, "Selestini, mimi niliolewa na fundi wa meli. Huyu anayelala na harufu ya mashudu na kuamka akimwogopa baba yake simfahamu. Ukimpata yule wa kwanza, tuko Ilagala." Ndivyo ilivyo. Nilitaka nisikuandikie, lakini uliuliza.

Chumba cha nyuma, naona aibu kusema, tumeweka magunia ya mashudu. Kitanda chako tumekisimamisha ukutani.

Na Baba akikutaja, husema hivi: "Nilikuwa na watoto wawili. Mmoja nilimpa Mungu, mmoja nilimpa zizi. Sidaiwi." Ndiyo maneno yake kamili.

Lakini nisikuachie huzuni. Septemba inakaribia, na katika nyumba hii nadhiri zako ndilo jambo pekee linalokwenda mbele. Baba ameapa kwamba atabebwa mpaka huko hata kwa machela. Nami nimemtenga dume mmoja, mzuri kuliko wote, hauzwi hata maboti yakija leo. Huyo ni wa sherehe yako.

Selestini


Monasterini
6 Julai 2025

Kaka, shikamoo.

Salamu nyingine nitaziandika chini nikipata nafasi. Leo nianze na neno lenyewe.

Usimtenge dume kwa ajili yangu. Sitaweka nadhiri.

Nilimwambia Mama Mkuu mwezi wa Novemba mwaka jana, kabla hujaniandikia hata ile barua ya kwanza. Hakunikemea. Aliniambia nadhiri nilizo nazo zinafikia mwisho wake Septemba; nikae, nisali, nisikimbie kama mtu aliyeiba. Nikikaa mpaka hapo na moyo ukawa uleule, mlango utafunguliwa mchana kweupe na atanisindikiza mwenyewe. Moyo ni uleule.

Sikuchukia humu, ujue. Watu ni wema. Niliitwa kweli, na niliitika kweli. Lakini huko nyuma, polepole, mwito ulinyamaza, na mimi nikaendelea kuitika. Nakata viduara vya hostia namsikia yule ng'ombe akikohoa nyuma ya ukuta, na machozi yananitoka siyo kwa ajili ya dhambi zangu bali kwa sababu naijua dawa yake.

Sikukwambia kwa sababu kila barua yako iliniambia kwamba zizi linasimama kwa sala zangu. Ningetokaje? Nani anang'oa nguzo wakati nyumba inavuja? Kila nilipotaka kuandika nilimwona Baba kitini akiwaambia wapita njia.

Nimekuwa nikiota nyumbani. Naota nimerudi kwenye ng'ombe. Kama ningeweza kulichukua zizi, wewe ungekuwa bandarini kwako na Honorata angekuwa kwake. Hilo naliota nikiwa macho.

Niambie unavyoona. Usimwambie Baba bado.

Frida


Mwandiga
20 Julai 2025

Frida, Frida, mdogo wangu,

Barua yako imefika jana na sijalala. Njoo! Njoo hata kabla ya Septemba kama Mama Mkuu anakubali. Nimeshamwendea Leodgar, anasema nafasi haijajazwa, ananipa mpaka mwisho wa Agosti. Nikaingia ndani ya ile meli, nikashika mitambo, nikanusa dizeli, ukweli nilisimama pale nikatabasamu peke yangu kama mwehu.

Magunia nimeyahamisha leo asubuhi kwa mikono yangu. Chumba kimepigwa deki na kitanda kimeshuka. Nitanunua neti mpya. Feliksi yupo, anakukumbuka, anakuogopa hata sasa. Karantini wanasema huenda ikaondolewa mwezi ujao. Ukifika, utajua la kufanya. Wewe na Baba mlikuwa lugha moja. Atanung'unika wiki moja kwa ajili ya nadhiri, kisha atakuona unapita asubuhi ukisema yupi hakulala vizuri, na atasahau.

Honorata nimempigia simu. Aliuliza, "Na Frida anataka?" Nikamwambia ni yeye ameandika mwenyewe.

Baba sijamwambia. Nangoja tarehe yako. Ni tarehe gani? Treni inaingia mara chache kwa wiki, nijue siku nije stesheni.

Kaka yako mwenye furaha,
Selestini


Monasterini
17 Agosti 2025

Kaka yangu Selestini, shikamoo.

Natumaini hujambo, na Ilagala hawajambo. Huku baridi imezidi, maji ya kunawa asubuhi yanauma meno.

Nimechelewa kukujibu kwa sababu barua yako ilinifurahisha kwanza, na baada ya siku mbili ikaniogopesha. Niliisoma nikimtafuta mtu anayeniuliza, "Frida, uko salama? Miaka sita, na sasa?" Nikakuta tarehe ya treni. Sikulaumu. Ningefungiwa mahali kama wewe, na mimi ningemtazama kila anayekuja kama ufunguo. Ndivyo nilivyokutazama wewe. Honorata peke yake ndiye aliyeuliza swali, nami nimelichukua swali lake nikakaa nalo.

Nawapenda ng'ombe, Kaka. Nikifunga macho nawajua kwa pumzi zao. Ndiyo maana nakuambia mimi, wala siyo mtu mwingine: lifunge zizi.

Hebu tulitazame kama nilivyofundishwa na Baba mwenyewe, kabla hajaanza kulipenda kuliko watu. Zizi lile lilijengwa kwa ajili ya maboti. Maboti yakirudi mwakani, yataondoka mwaka unaofuata. Mashudu yaliyokuwa yanatupwa sasa yanapiganiwa. Mabucha ya Mwanga na Ujiji yanataka ng'ombe mdogo, siyo wetu. Nikija kulishika, nitawalisha vizuri kuliko wewe, watanona upesi kuliko kwako, nasi tutakwama upesi zaidi. Ujuzi wangu hautaleta hata boti moja. Ningekuwa nimetoka kwenye lango hili nikaingia kwenye lile, na Baba angesema tena hadaiwi.

Karantini ikiondoka, usingoje bei ya zamani. Uza mmojammoja kwa wenye mabucha, bei watakayotaja. Aliye mwepesi atoke kwanza.

Na umwambie Baba wewe. Usiseme Frida amesema. Ukisema hivyo atanilaumu mimi na wewe utabaki palepale ukiwa umejificha mgongoni kwangu. Sema ni wewe.

Septemba nitatoka. Nitapita Tabora kwa Shangazi nikae kidogo, nizoee tena barabara na kelele. Kisha nitakuja nyumbani. Nitatafuta kazi, watu wana mbuzi, wana ng'ombe wawili watatu wa maziwa, watahitaji mtu anayejua. Ila zizini sitaingia. Kama halijafungwa nikifika, nitashukia Ilagala kwa Honorata.

Usinikasirikie mpaka umeisoma mara mbili.

Frida


Mwandiga
12 Oktoba 2025

Mdogo wangu Frida, huko Tabora kwa Shangazi,

U mzima? Ndilo ninaloanza nalo leo. Uko salama? Unalala? Unaogopa magari? Shangazi anakupikia vizuri, au bado ana mkono mwepesi wa chumvi? Nilipaswa kuuliza hayo mwezi wa Julai. Ungeweza kununua simu tukazungumza, lakini haya nisingeyaweza kwa simu.

Nilikukasirikia. Niliisoma mara mbili nikazidi kukasirika, nikakaa wiki mbili bila kufanya lolote, na mwisho wa Agosti ukapita hivyohivyo nikiwa nasubiri sijui nini. Leodgar amempa mtu mwingine ile nafasi. Hakunificha. "Ningekungoja," alisema, "lakini meli haingoji." Siku hiyo nilirudi kwa miguu kutoka bandarini mpaka Mwandiga, na nilipofika langoni Baba akaniuliza kwa nini maji yamechelewa. Nikachukua ndoo ya Feliksi, nikaigeuza, nikakaa mbele yake.

"Baba, nalifunga zizi."

Akanitazama. "Nani amekuruhusu?"

Jina lako lilinijia mdomoni, nikalimeza. "Hakuna, Baba."

"Hakuna," akasema.

"Hakuna. Ni mimi."

"Na ng'ombe?"

"Nitawauza kwa bei yoyote. Karantini imeondolewa."

"Na mimi utaniuza bei gani?"

Nikamwambia, "Wewe utakula, utaogeshwa, utakaa pale unapotaka kukaa. Lakini sitakupa tena maisha yangu. Yamebaki kidogo, na nina watoto." Sijui niliyatoa wapi. Alitoa mkono wake ule mzuri, nikadhani atanipiga. Alishika nguzo ya lango tu.

Hakula siku ile wala iliyofuata. Siku ya tatu alikunywa uji, akasema hauna sukari.

Walitoka mmojammoja kama ulivyoagiza, wepesi kwanza. Bei ilikuwa ya kuumiza, sitaiandika. Wa mwisho alikuwa yule dume niliyemtenga. Tulifungua lango, akasimama. Feliksi akamvuta, mimi nikamsukuma, alitazama barabara kama mtu anayeoneshwa bahari. Mwenye bucha alimleta ng'ombe wake mwembamba akamtanguliza mbele, ndipo naye akafuata.

Usidhani tumepona. Natengeneza mashine za boti pale Kibirizi, za wavuvi, kazi ikiwepo. Kuna siku haipo. Honorata amerudi na watoto. Hajasema kama amerudi moja kwa moja, nami siulizi. Na Baba, kila asubuhi, anataka kiti kibebwe palepale. Anakaa mbele ya zizi tupu. Juzi nilimsikia akiuliza kama mahori yamefagiliwa, na Feliksi, ambaye nimeshindwa kumwambia aende, alichukua ufagio akaenda kufagia. Sikuwazuia. Kuna mlango nilioweza kuufungua, na upo ambao si wangu.

Jana ndipo nilipomwambia kuhusu wewe. Niliogopa kuliko siku ya zizi. Nilimweleza yote, kwamba nadhiri hukuweka, kwamba umetoka kwa heri, kwamba Alhamisi ya mwisho wa mwezi huu unaingia na treni, kama Shangazi alivyonijulisha.

"Frida anakuja," akasema.

"Ndiyo, Baba."

"Anakuja kuangalia ng'ombe?"

"Hakuna ng'ombe, Baba."

Akatazama zizi, kona hadi kona. Nafikiri ilikuwa mara ya kwanza kuliona lilivyo.

"Basi anakuja kufanya nini?"

"Anakuja nyumbani."

Inzi alitembea juu ya mkono wake mgonjwa, hakumfukuza. Clementina alipita na vitabu vyake, akaamkia, Baba hakuitika. Nikasimama niondoke, nikijua nimepata jibu langu. Nilikuwa nimefika mlangoni pa nyumba aliponiita. Hakugeuza kichwa.

"Selestini," akasema. "Basi mchinjieni kuku."

Nitakuwa stesheni.

Kaka yako,
Selestini